Maiti Hafui Shaba

Mume wangu,

Salamu hizi zipokee kwa mikono miwili, kama nilivyokufundisha kupokea sahani. Hujambo? Mke mwenzangu hajambo? Kifua chake kimetulia? Mimi ni mzima. Rudia kusoma hapo, mjukuu wangu: bibi yako ni mzima, anakula, anakohoa kidogo asubuhi, na meno yaliyobaki bado yanang'ata.

Umeuliza kupitia kwa jirani kwa nini sanduku la viwiliwili vya maiki halijafika, eti wateja wanakusumbua. Sikutaka kukujibu kwa simu yake, maana simu huisha salio na hasira yangu haiishi upesi. Darasa la tatu linanitosha kumsuta mtu kwa barua.

Viwiliwili vipo. Vimesimama rafuni kama watoto wa shule. Karatasi ya shaba niliichoma mpaka ikawa nyekundu, nikaizamisha majini ilainike, nikaizungushia kwenye kile chuma cha babu yako, nikaifua taratibu mpaka kingo zikakutana, nikalehemu. Kichwani nimefunga wavu, mzito ndani, mwepesi nje. Ndani ya mwili nimebandika vipande vya blanketi kuukuu, kwa sababu wewe mwenyewe ulisema maiki nzuri haitakiwi kuwa na sauti yake. Nimevigonga kwa ukucha kimoja kimoja. Havilii. Vimenyamaza kama nilivyonyamaza mimi tangu mgeni wako aondoke.

Ndiyo, mgeni wako. Alikuja mwanamke wa makamo, mwimbaji, na viatu safi vya kuhurumia kuviingiza kwenye vumbi letu. Akasema mlango wa bluu aliuona kwenye picha uliyomwonyesha, akaulizia mtaani mpaka akafika. Alinikuta kwenye kigoda, nyundo mkononi. Akaniita mama, kwa adabu, akauliza kama hapa ndipo alipokuwa akifanyia kazi marehemu. Nikasema ndipo. Akasema amekuja kutoa pole, maana maiki aliyonunua kwako ndiyo ya kwanza kuitoa sauti yake jinsi anavyoisikia yeye mwenyewe kichwani. Tena eti ulimwambia kiwiliwili chake kilifuliwa na babu yako kabla hajafa, vimebaki vichache, na vikiisha vimeisha.

Nilitaka kucheka. Babu yako, Mungu amrehemu, alifua ndoo na mabomba ya moshi. Maiki aliyoijua ni ile ya mikutano ya hadhara, na aliiita mdomo wa waongo. Alikufa wewe bado unafungua redio za watu na kushindwa kuzifunga. Lakini nikajizuia. Nikasema moyoni, mtoto anauza, na muuzaji hana haya. Fundi aliyekufa ana bei kuliko aliye hai.

Ndipo akaniuliza kama mke wa marehemu naye aliteseka sana kabla ya kumfuata.

Nikamuuliza mke yupi. Kweli nakwambia, kwa kitambo nilidhani mzee alikuwa na mke mwingine, nikaanza kumtukana kimoyomoyo huko huko kaburini. Mgeni akanieleza: yule bibi aliyemlea mjukuu wake tangu hajajua kufunga vifungo vya shati. Akasema ulipokuwa ukimsimulia mazishi yangu machozi yalikulenga.

Machozi. Nilipolala na mguu ule umevimba hukuja kuniangalia hata kwa macho makavu.

Wala usidhani sielewi kwa nini uliniua. Bibi aliye hai angeulizwa. Watu wangekuja kama alivyokuja huyu, wakaikuta nyundo mkononi mwangu, na biashara yako ya urithi wa marehemu ikalala. Ukaona ni rahisi kunizika mimi kuliko kuuzika uongo wako. Mume gani huyo?

Sasa nakwambia ambalo sijamwambia mtu. Yule mgeni aliniuliza, "Na wewe mama, ni nani hapa?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kisha nikakuona wewe na kaptula yako iliyopasuka nyuma, umejificha kwenye gauni langu baada ya kuvunja dirisha la watu, na mimi naapa kwamba si wewe. Nikamjibu, "Mimi nafagia tu."

Nilijikana kwa mdomo wangu, ndani ya karakana yangu, chapa ya nyundo ikiwa bado inauma kiganjani, ili wewe usiaibike mbele ya mgeni. Nimezika mume, nimezika mama yako, na bado hakuna neno lililopita kooni mwangu kwa uchungu kama hilo.

Mgeni aliitazama nyundo; ilikuwa katika mkono wangu wa kushoto. Akaitoa maiki yake ndani ya taulo, akapitisha kidole juu ya alama za mapigo ya nyundo. Unajua yalivyo. Mimi hufua kwa kushoto, mapigo yangu yote hulalia upande mmoja, na ile ndoo ya babu yako iliyo mlangoni, mapigo yake yamelalia upande wa pili. Akaitazama na ndoo. Akaifunga maiki yake tena, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Mlangoni akaushika mkono wangu, huo huo wa kushoto, kwa mikono yake miwili. Alipoingia aliniita mama. Alipotoka alisema, "Pole sana, bibi."

Kwa hiyo nilijikana bure. Alijua, akanyamaza kwa kunihurumia, na mimi sijazoea kuhurumiwa.

Viwiliwili haviji. Maiti hafui shaba, wala hafungi sanduku. Ukivitaka, njoo mwenyewe, mchana, majirani wakiona, upige hodi kwenye mlango wa bluu. Nikiitika, utasema mbele yao mimi ni nani na kazi hii ni ya nani. Nisipoitika, basi ingia unizike. Mazishi yangu unayajua, umeshayasimulia.

Msalimie mke mwenzangu. Ila kama na yeye umemwambia nimekufa, usimsalimie, utamtisha.

Ni mimi, bibi yako,
mzima.