Haan ya Ayeeyo Halima

Jumanne, Garissa

Mkuu wangu wa makumbusho alikuja asubuhi na mnunuzi kutoka Nairobi, akataka nimfungashie haan ya Ayeeyo Halima, kile chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi. Bibi wa watu, tunayemwita ayeeyo kwa Kisomali, alituazima tu, ili watoto wa shule wakione.

"Kwenye karatasi za kusafirisha andika ni kitu kipya cha sokoni," mkuu akasema.

Nikajibu kwamba haan haijafukizwa moshi siku nyingi, wadudu wataimaliza njiani. Nipeni hadi kesho niifukize. Mgeni akakubali.

Walipotoka nikampigia ayeeyo simu aje aichukue. Alifika kwa bodaboda, akaifunga haan yake ndani ya shuka, akanitazama akicheka.

"Kijana, unatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Umekula?"

"Ayeeyo, usiirudishe hapa. Hata nikikupigia simu mimi mwenyewe, nikikubembeleza, usiirudishe."

Akaacha kucheka. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua.

Kesho nitamwambia mkuu kwamba mwenye mali amechukua mali yake. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na mama ananitegemea. Ndiyo maana nilimwonya ayeeyo hivyo. Najijua. Mkuu akinipazia sauti, huenda nikaishika ile simu.