Ufa wa Bweni la Wasichana

Jumatano, 12 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Mchakamchaka hakuna — afadhali!

Mkuu wa shule, Mwalimu Sebastian, kaniita ofisini. Mahafali yetu ya kidato cha sita ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mimi dada mkuu ndiye nitakayesoma risala. Anataka historia ya shule iwemo yote. Wananchi walivyofyatua tofali, wenye kahawa walivyochangia mavuno, mpaka tulivyopata kidato cha tano. Mwalimu Sebastian anaipenda shule hii, siwezi kumnyima hilo. Kidato cha tano ni yeye aliyekihangaikia mkoani mpaka kikaja.

Nikamuuliza, na ufa wa bwenini je?

Ni plasta tu, Gwantwa.

Plasta! Kitandani kwa mwenzangu Nyanzobe vidole vinaingia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeazima simu ya matroni, Madam Getruda, nikampigia mama. Kumbe mama alijenga hapa! Wakati huo yuko shule ya msingi. Watoto wote walibeba tofali kichwani kutoka kule mtoni kwenye tanuri mpaka huku kilimani. Kata zao za majani ya mgomba. Utosi ulikuwa unawaka moto, anasema, na waliimba njia nzima.

Shule ilipofunguliwa babu alikuwa na ada ya mtoto mmoja tu. Akaenda mjomba Asajile.

Kaniambia huku anacheka. Mimi sikucheka.

Nikamweleza habari ya ufa. Akawa mkali! Zile tofali, anasema, ukizigonga zinalia kama kengele. Mnalalamika nini nyie watoto wa siku hizi? Akakata.

Ijumaa, 14 Machi

Nyanzobe kaamka na vumbi jekundu kwenye nywele. Analala kitanda cha juu cha deka, kichwa kinagusa ukuta. Madam Getruda kaja na tochi, kamulika, kasema Yesu wangu. Akaenda kwa Mkuu. Akarudi na jibu: msogeze vitanda.

Tumesogeza. Sasa tumebanana mpaka tranka hazifunguki.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada mvua ilishuka ya kutisha, bati zinapiga kelele hadi hatusikizani. Mimi nilikuwa mlangoni nasuka nywele. Nikasikia kishindo. Si radi — ndani! Kipande cha ukuta, kikubwa kama beseni, kimedondoka kutoka karibu na dari na kutua kwenye deka ya Nyanzobe. Kumbe hata kusogeza hakukutosha. Mto wake umepasuka.

Yeye alikuwa bafuni. Bafuni tu. Angekuwa usingizini je?

Sikumuuliza mtu. Nikapiga kelele: wote nje, kila mtu na godoro lake, bwaloni! Wadogo wa kidato cha kwanza wanalia, godoro zinaburuzwa kwenye tope. Dakika chache bweni likabaki tupu.

Mkuu kaja na koti la mvua. Nani kakupa ruhusa? Nikamwonyesha mto. Akautazama sana. Halafu akanivuta pembeni, wala hakufoka. Afadhali angefoka.

"Gwantwa, wageni wa mkoani wakija mahafali wakikuta bweni tupu wataandika shule haifai. Kidato cha tano watakihamisha. Nikianza kuomba tena, ni miaka. Wasichana wa hapa wenye akili kama wewe watasoma wapi?"

Hata hilo ni kweli.

Akamalizia: fundi atapiga plasta kesho. Keshokutwa jioni wote mnarudi ndani. La sivyo huu ni mgomo, kiongozi wake ni mimi, na nije na mzazi.

Mtihani wa taifa ni Mei. Ee Mungu.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi kaja, kapiga plasta, kaondoka. Ukuta unapendeza!

Mstarini Mkuu katangaza mbele ya wote kwamba kuna kiongozi anayepotosha wenzake. Hakutaja jina. Wote wakanigeukia. Rozi wa mchepuo wa HKL kaniambia waziwazi nitawaharibia mahafali, mama yake ameshashona nguo. Wengine wamekubali kurudi. Nyanzobe hapana.

"Mi sirudi mle. Bora nikalale na ng'ombe wa baba Kamsamba, pale jirani."

Mchana Fortunata kanifuata bwaloni. Ni binti wa Mkuu, yuko kidato cha tatu, analala kwao kwenye nyumba za walimu. Hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Kaniuliza, dada, ni kweli au mnamsingizia baba?

Nikampeleka. Plasta ya asubuhi ilikuwa imeshachanika, mstari uleule. Nikamshika mkono, nikaingiza vidole vyake kwenye ufa. Akavitoa haraka kama ameungua. Akaondoka.

Nimefanya vibaya? Ni baba yake.

Jumanne, 18 Machi

Mkuu kamwita mama. Kafika na bodaboda, kalowa chapachapa, kitenge chake cha kanisani kimejaa tope. Hata hakunisalimia. Shikamoo mwalimu, halafu kwangu: piga magoti, omba msamaha.

Nikapiga magoti. Nikaomba. Mkuu akasema yamekwisha, mama, asante kwa malezi.

Mama akasema kwa kuwa amefika, angependa kuliona bweni. Tangu lijengwe hajawahi kuingia ndani.

Tukaingia watatu. Mama akawa anapapasa ukuta taratibu, anatabasamu peke yake. Akafika kwenye ufa. Mkono ukasimama. Akauliza kitanda chako kipi? Nikamwonyesha. Cha huyo mwenzako? Nikamwonyesha. Akautazama ufa kutoka chini hadi juu. Tabasamu likaondoka.

"Mwalimu," akasema, "nyumba hii naipenda kukushinda. Lakini mtoto wangu halali humu."

Mkuu akajibu basi wako achukue virago vyake. Wengine wanarudi leo hii.

Kwa hiyo nimefukuzwa. Au nimeondolewa, sijui tofauti. Nimekaa juu ya tranka langu, barazani kwa kidato cha pili. Mama yuko pembeni yangu, amenishika goti. Tunasubiri mvua ipungue bodaboda aje.

Wenzangu wamepanga mstari mbele ya bweni, godoro vichwani. Mkuu yuko mlangoni anawahesabu. Rozi wa kwanza. Nyanzobe wa mwisho — naye yupo! Analia. Ananitazama. Natazama karatasi.

Kuna mtu anakuja kutoka nyumba za walimu. Godoro kichwani.

Ni Fortunata!

Kaupita mstari wote. Kampita Rozi. Kampita baba yake kama hamwoni, kaingia ndani. Namwona kupitia dirisha, anatandika kwenye deka ya Nyanzobe. Pale pale!

Mkuu anauliza unafanya nini. Anajibu kwa sauti, wote tunasikia: si umesema pako salama, baba? Nimekuja kulala na wenzangu.

"Fortunata, toka humo."

Hatoki. Anapanda juu. Anajilaza.

"Toka! Toka haraka, huo ukuta uta—"

Mstari mzima umesikia. Rozi ameshusha godoro lake chini, kwenye maji. Mama amesimama.

"Ukuta utafanya nini, baba?" Fortunata anauliza kutoka ndani.

Mvua inazidi. Mkuu ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Anautazama ufa.