Mjomba Atangulie

Jakarta, Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kwako Baba,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wadogo zangu, na ng'ombe pia. Je, malisho huko deltani yanatosha? Mguu wa Mama umepoa? Mimi sijambo, ila usingizi wangu bado unafuata saa za Garsen. Wenzangu wakiniita kula, mimi napiga miayo.

Nimeandika kwa mkono kama ulivyoagiza, maana wasema maneno ya simu hayana uso. Nitaipiga picha nimtumie shangazi Abdia aichapishe pale dukani kwake, kisha ampe kijana wa bodaboda anayewaletea unga huko kambini kwenye ng'ombe.

Baba, mechi ya kwanza tumeshindwa, na kosa ni langu.

Mchezo wenyewe umeuona kwa mjomba Haroun, kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Watu watano kwa watano, kila timu ina ngome yake, katikati pori, na ngome ikianguka mmeshindwa. Anayeuawa hukaa nje kwa muda na wenzake hubaki pungufu. Sisi timu ya Malka ni mimi na mjomba, Komora na Jilo wa Golbanti, na Swaleha wa Kipini. Mjomba ni nahodha, yeye ndiye anayesema twende wapi.

Siku ya kuondoka uliushika mkono wangu ukauweka katika mkono wake, ukasema mbele ya watu wa nyumba zote mbili: "Dahabo, kwa kila jambo mjomba wako atangulie." Neno lako nimelishika. Kwenye ndege alitangulia. Kwenye lifti alitangulia, mlango ukajifunga, mimi nikabaki chini. Na kwenye mchezo pia alitangulia.

Dakika ya kumi na tisa niliwaona wapinzani watatu wamejificha porini. Mjomba alikuwa anaelekea huko huko, huku akitupangia mambo, nawe unamjua mjomba akianza kueleza. Nikangoja amalize. Alipomaliza alikuwa amekwisha kuuawa, na ngome yetu ikaanguka dakika mbili baadaye.

Kocha wetu, Bi Tuneya, aliniita pembeni. "Uliwaona?" Nikasema niliwaona. "Mbona hukusema?" Nikasema mjomba alikuwa bado anazungumza. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mto umepanda mlima.

Sasa anataka mimi ndiye niwe nasema, kwa sababu mimi hucheza nyuma na naona mbali. Ijumaa tuna mechi ya pili, na tukishindwa tena tunarudi nyumbani. Timu sita tu zimechujwa kuja hapa kutoka duniani kote, na kutoka Kenya ni sisi peke yetu. Baba, nakuomba uniondolee neno lile, kwa mchezo tu. Nyumbani nitaendelea kutembea nyuma yake hata miaka mia. Nijibu kabla ya Ijumaa.

Mwanao,
Dahabo


Kambini, Jumatano, 5 Novemba 2025

Mwanangu Dahabo,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika ikiwa na vumbi la njia nzima. Sisi wazima kwa rehema za Mungu. Mama yako anatembea sasa bila fimbo, na jana alimfukuza mbuzi jikoni mwenyewe, kwa hiyo usimhofie. Ng'ombe wamekonda lakini wanasimama. Je, huko mnakula nini? Usile kitu ambacho hujui kimechinjwa vipi.

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu kwa sauti ili mama yako asikie. Jibu langu ni hapana.

Haroun ni kaka wa mama yako. Mtu uliyekabidhiwa kwake mbele ya watu huwezi kumwamrisha mbele ya watu. Watasema Dukicha alimpeleka binti ng'ambo kumdhalilisha shemeji yake. Tena wanasema mnaonyeshwa kila mahali, na sauti zenu zinasikika. Mbele ya kundi hutembea mtu mmoja, mwanangu. Wakitembea wawili, ng'ombe hugawanyika.

Kama ni kushindwa, shindweni. Utarudi na heshima yako, na mimi nitakupokea pale stejini kwa furaha ile ile.

Naandika hivi na moyo hautaki, ujue hilo pia.

Babako,
Dukicha


Jakarta, Ijumaa, 7 Novemba 2025, usiku

Baba yangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako na kwa Mama. Hamjambo? Barua yako haijafika. Shangazi Abdia anasema pikipiki ya unga imekwama kwenye mchanga tangu juzi, hajui uko wapi wala umeandika nini. Niliingoja mpaka tulipovaa hedifoni.

Tumeshinda, Baba. Na nimelivunja neno lako.

Nitakueleza kila kitu ili usikie kutoka kwangu kabla ya watu. Mwanzo wa mchezo nilinyamaza kabisa. Tukapoteza mlinda ngome mmoja, kisha wa pili. Dakika ya kumi na nne nikawaona tena wamejificha, wanne safari hii, na mjomba anawafuata huku anamweleza Jilo jambo la kesho. Nilifikiria mkono wako, nikafikiria na miezi kumi na minne tuliyofanya mazoezi pale kibandani kwa bando la kuungaunga, Swaleha akitoka Kipini kila Jumamosi. Nikamkatiza. Nilipiga kelele: "Mjomba, rudi! Rudi sasa hivi! Nyamaza, rudi!"

"Nyamaza" ilitoka yenyewe. Sikuipanga.

Alirudi. Wale wanne wakatoka mafichoni wakakuta pori tupu, na sisi tukawa tumewazunguka. Toka hapo nilisema mimi mpaka mwisho. Sikusema tafadhali hata mara moja, kwa sababu hakukuwa na nafasi yake.

Wote walinikumbatia, isipokuwa mjomba. Alitoa hedifoni, akakunja waya wake polepole, akatoka. Kwenye chakula alikaa meza nyingine na wali wake. Nilimwendea na kumwamkia "shikamoo", akaitikia, akarudia wali wake. Imeniuma sana, Baba. Nimelia bafuni.

Lakini sitakudanganya. Jumapili tunacheza nusu fainali, na nikiona hatari nitasema tena. Nitamwomba mjomba radhi kwa kumpigia kelele. Kwa kuokoa timu siombi radhi. Kama umekasirika, nikasirikie mimi, Mama asiulizwe kitu.

Mwanao asiyelala,
Dahabo


Garsen, Jumamosi, 8 Novemba 2025

Dahabo binti yangu,

Assalaam alaykum. Kwanza mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Mama yako mzima. Wewe lala, mtu asiyelala haoni mbele.

Nimeweka pamoja na hii barua yangu ya Jumatano. Isome, ujue baba yako alikuwa mkaidi kiasi gani juzi tu.

Pikipiki ilipokwama, nilisema jibu langu lazima likufikie kabla hujakosea, nikaondoka alfajiri na miguu yangu. Niliingia Garsen watu wakitoka kuswali Ijumaa. Duka la Abdia lilikuwa limejaa mpaka nje. Wamebandika kitambaa cheupe ukutani, na wewe uko juu yake, mkubwa kuliko mlango. Watu wa mnada wa ng'ombe wote walikuwa pale. Sikuweza hata kumfikia Abdia nimpe barua. Nilisimama nyuma nayo mfukoni.

Ndipo nikasikia sauti yako: "Nyamaza, rudi!"

Dalali mmoja akageuka akaniuliza, "Dukicha, huyu si binti yako anayemfokea shemeji yako?" Sitakuficha, niliona aibu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Ndiye." Kisha nikatazama ukutani, nikaona Haroun amerudi. Mtu mzima, nahodha, amesikia amegeuka, na hakuna kilichompungukia. Mimi nimetembea nyuma ya ng'ombe miaka arobaini. Wa nyuma akimwona mamba kwenye maji haombi ruhusa ya wa mbele. Hayo nayajua, na bado nilikuandikia yale niliyokuandikia. Mliposhinda nilipiga kelele mpaka kofia ikaanguka, ikakanyagwa.

Sasa sikiliza. Kosa ni kosa. Mtoto akimpandishia mjomba wake sauti mbele ya watu, baba yake hupeleka mtamba kwa watu wa mjomba. Kwa hiyo leo asubuhi nimewapelekea yule mwekundu, mwenye doa tumboni, niliyemwacha hapa Garsen kwa Abdia. Wazee wao wakauliza kosa limefanyika lini. Nikasema kidogo limefanyika jana, na lililobaki litafanyika Jumapili na siku nyingine yoyote watakayocheza. Babu yao akasema hajawahi kupokea faini ya kosa ambalo bado halijazaliwa. Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe wamempokea mtamba.

Nimempigia Haroun kwa simu ya Abdia nikamweleza. Yeye akauliza doa liko upande gani.

Kwa hiyo neno langu la siku ile nimeliondoa mwenyewe. Kosa limekwisha kulipiwa, Dahabo, usilibane tena kifuani. Ukimwona adui, mfokee mjomba wako.

Babako,
Dukicha


Jakarta, Jumanne, 11 Novemba 2025

Baba,

Waalaykum salaam. Sisi sote wazima na mizigo imefungwa. Kofia nimekununulia mpya.

Barua zako zote mbili nimezisoma. Ile ya Jumatano nilimpa mjomba naye aisome. Akasema, "Shemeji yangu ni mtu mwema," halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

Nusu fainali tulishindwa. Wale jamaa ni wakali, sina la kusingizia, na mwakani tutawarudia. Jana tukapigania nafasi ya tatu. Asubuhi, mbele ya wenzetu wote, mjomba alimwambia kocha kwamba nahodha ni yeye lakini wa kusema ni mimi, na asiyenisikiliza ataonana naye. Dakika ya mwisho mimi niliuawa, nikawa nje natazama tu, lakini kusema nilisema. Nilimwambia kushoto, akaenda kushoto. Nilimwambia ngoja, akangoja. Nilimwambia sasa, naye ndiye aliyeiangusha ngome yao.

Sisi Malka ni wa tatu duniani, Baba. Komora amelia kuliko mtu yeyote.

Tunafika Garsen Ijumaa kwa basi la Lamu. Mjomba atatangulia kushuka, usijali. Ila ameniagiza nikufikishie salamu zake, na kwamba amehesabu. Mechi mbili za mwisho nimemfokea mara thelathini na moja, na mtamba mmoja hatoshi.

Mwanao,
Dahabo