Meno ya Ijumaa

Chumbageni, Tanga

Dada Wafa,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Mvua imebomoa ukuta wa uani, na paka wako amezaa tena.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu Mama yuko ubavuni mwangu, na tangu apooze hasemi lakini anasikia yote.

Kila Ijumaa ukipiga simu ya video kutoka Maskati unazisifu zile kofia za kufunika meno mabovu ulizomwekea Mama. "Mashaallah, Muzna, unazitunza!" Zinang'aa kwa sababu nazisugua robo saa kabla hujapiga. Siku nyingine nachoka, Dada, simswakishi. Ule uzi ulioleta wa kusafishia ufizini sijaufungua hata pakiti.

Jumatatu alikataa uji. Nikamfunua mdomo nikakuta nyuma ya kofia ufizi umevimba, unatoa usaha. Na siku zote hizo, ukimwambia acheke, alikuwa anacheka.

Kesho nampeleka kwa daktari wa meno. Ijumaa ukipiga, usimwambie acheke. Mwambie afungue mdomo, mimi nitashika tochi.

Mdogo wako,
Muzna