Disketi Zako Katika Maharagwe

Papa wangu,

Natumaini huko uliko hakuna kukimbia. Huku bado tunakimbia. Nakuandikia mbele ya macho ya watu wote, kwa sababu kuna jambo nililokuficha wewe, kisha nikawaficha na wao, na nimechoka kulibeba.

Unaikumbuka ile kompyuta ya kijijini kwetu Kalembe? Watu wa mradi walipoondoka walikuachia wewe, karani wa sefu, mkuu wa kijiji, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Ilikuwa nzito kama kinu. Ilitumia DOS, ule mfumo wa zamani usio na picha wala kipanya, kila amri unaiandika kwa herufi. Ukajifunza kwa kitabu cha Kifaransa kilichopoteza jalada, ukaunda programu yako mwenyewe ya kuandikisha mashamba ya mlima wetu: jina la mwenye shamba, mpaka wa juu, mpaka wa chini. Ilikuwa kali kama wewe. Mtu akiacha nafasi moja tupu, ilikataa kuhifadhi na kuandika: JAZA KWANZA. Nilikuuliza kwa nini usiilegeze kidogo.

"Shamba bila mupaka njo vita, mutoto wangu," ulinijibu. "Pale siwezi hurumia mutu."

Kila Jumapili baada ya misa ulikuwa ukiniita tukazunguke mipaka ya shamba letu. Nami kila Jumapili nilikuwa na sababu: nguo za kufua, kichwa kinauma, mvua inakuja. Ulikuwa unachukua fimbo yako na kwenda peke yako.

Siku ya kukimbia vita tulifanya kama wanavyofanya wote kwetu. Tulichimba shimo kwenye migomba, tukazika sufuria, majembe na cherehani ya marehemu mama. Kompyuta ilikuwa kubwa mno, tukaiacha mezani. Disketi yenye programu uliitia mfukoni mwa koti. Zile tatu zenye majina yote ulinipa mimi nizizike, ukaondoka mbio kumwita sefu.

Nilizitia katika bidoni, lile dumu la maharagwe, Papa, bila hata mfuko. Kisha nikamwaga majivu, nikachanganya vizuri mpaka chini, kama mama alivyonifundisha, ili fukusi wasiingie. Mkono ulifanya kazi uliyoizoea. Akili yangu ilikuwa tayari barabarani.

Baada ya miezi kadhaa tulirudi kufukua. Maharagwe yalikuwa mazima kabisa.

"Disketi iko muzuri?" uliniuliza.

"Muzuri, Papa. Hata fukusi moja haikuingia."

Ulicheka mpaka ukakohoa, nami nikajivuna. Zilikuwa zimejaa vumbi la kijivu, nikazipangusa kwa kitenge kabla hujaziona. Maharagwe yale ndiyo yaliyotufikisha Itebero tulipokimbia tena, na huko homa ikakushika. Siku ya mwisho ulinibana mkono. "Batu bakirudia nyumbani, ile disketi njo itabapatanisha. Uichunge."

Nilikuitikia. Tukakuzika kando ya msitu, mbali na mlima wako.

Tangu hapo watu wa Kalembe tulio huku wananiuliza mimi. Mama Sifa, jirani yetu wa upande wa mto, ndiye hachoki. Amesikia kuna wengine wanalima kwake. "Nikirudia, nitabaonyesha nini?" ananiambia. "Jina yangu iko mu disketi ya Papa yako. Fungua basi." Nami sikuwa na mashine ya kufungulia.

Mwezi uliopita nilitembea hadi Walikale kwa mwalimu Justine, anayefundisha kompyuta. Nilimwambia DOS yako ilishakufa zamani.

"Ilikufa, lakini ina barithi," alisema. "Kuko batu ba inchi mingi baliiandika upya, mustari kwa mustari. Haiuziwe. Mutu yote anaweza soma namna ilitengenezwa, na kuirekebisha. Programu ya Papa yako haitajua hata kama ilihamishwa nyumba."

Akaiwasha hiyo DOS mpya, akaunganisha kisomeo cha disketi, akaingiza ile ya mfukoni mwako. Ikafunguka! KARIBU. JINA YA MWENYE SHAMBA? Maneno yako yaleyale, Papa. Nililia kama siku ya msiba. Watu wasiokujua, wasiojua hata Kalembe iko upande gani, walikuwa wamekutunzia nyumba yako.

Kisha tukaingiza zile tatu. Ya kwanza ilikwaruza, haikusomeka. Ya pili vilevile. Ya tatu Justine alilisogeza lile bati dogo linalofunika mdomo wake, akapuliza, vumbi likatoka.

"Dada, ni nani alitia majivu humu?"

Nilizikusanya nikaondoka. Niliporudi Itebero nilimwambia Mama Sifa kwamba mashine ndiyo iliyokataa. Nilisema uongo. Mama Sifa, kama unasomewa barua hii, ni mimi. Mashine haikukosa kitu, wala watu wale hawakukosa. Niliyekosa ni mimi mtoto wa nyumba, na wewe ndiye utakayesimama mikono mitupu shambani kwako.

Jana nilirudi kwa Justine, nikasema tuanze upya, nami nitajaza ninayokumbuka. Nikaanza na wewe. Jina lako nikaliandika. Mpaka wa juu: mti wa mvumu. Mpaka wa chini... Papa, siujui. Je, ni jiwe? Ni mfereji? Uliniita Jumapili ngapi nije nione? Nikaacha nafasi hiyo wazi, nikabonyeza kuhifadhi.

JAZA KWANZA.

Nikabonyeza tena. Nikakusihi kwa sauti, Justine akageuza uso. Programu yako haikumhurumia mtu, hata wewe mwenyewe. Tulipozima, jina lako halikubaki.

Lala, Papa. Sina la kukuahidi.

Binti yako, niliyechanganya majivu