Rangi ya Simba77

Jumatatu, 5 Septemba
Msasa mchana kutwa. Ofisi ya usajili ya chuo imebaki ukuta mmoja, ule wa nyuma ya mlango. Vumbi la chokaa limenikaa kooni, hata uji haupiti vizuri. Baridi ya Ngara sijaizoea. Mwaka wa pili huu na bado nalala na koti.

Nyuma ya mlango nimekuta maandishi ya penseli. Usajili, Taaluma, Mhasibu, Mkuu. Mbele ya kila ofisi neno na namba. Fundi Lushinge ana sheria moja: usifute alama ya penseli ukutani kabla hujainakili, maana yeye huandika vipimo vyake popote. Alishamfukuza mtu kwa kosa hilo. Nimenakili yote kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hili. Nadhani ni rangi za kila ofisi. Ya Taaluma inaitwa simba77. Sijawahi kuiona.

Jumanne, 6 Septemba
Nimejiaibisha. Mbele ya vibarua wote nimemuuliza fundi simba77 ni rangi gani na kama imeshaletwa. Alikaa juu ya mfuko wa saruji akacheka mpaka machozi.

"Mmakonde, dukani kuna nyeupe na krimu. Hiyo ya simba utaipaka kwenu Newala."

Sasa jina langu ni Simba. Hata mama wa uji ananiita hivyo.

Melkiori peke yake hakucheka. Ni Mrundi, mkimbizi, anakuja kutoka kambini kila asubuhi kubeba mchanga pamoja na mimi. Kwao alisoma chuo kikuu miaka miwili kabla ya kukimbia. Alisomea kompyuta. Mimi niliishia darasa la tano. Kwenye lundo la mchanga akanieleza taratibu. Yale ni maneno ya siri. Ukiwa na neno la ofisi fulani, kompyuta inakuona wewe ndiye mwenye ofisi hiyo.

"Chana ukurasa huo, kaka."

Sijachana. Nyuma yake nimeanza barua ya mke wangu Somoe, na karatasi zenyewe zimebaki chache.

Ukuta nimeupaka krimu. Jioni aliingia Dada Koku, karani wa usajili, akasimama mbele ya ukuta kama mtu aliyefika msibani. Kumbe yeye ndiye aliyeandika, maana walimu wanasahau maneno yao na kila siku wanamsumbua. Nikampa daftari, akanakili upya. Ameshukuru. Ameniomba nisimwambie mtu.

Alhamisi, 8 Septemba
Zege la ngazi za bwalo. Ndoo baada ya ndoo tangu asubuhi mpaka jua kuzama, fundi kasimama juu yetu. Melkiori hayupo, leo ni siku ya mgao wa chakula kambini. Nimebeba ndoo zangu na zake. Mgongo umekwisha.

Jumapili, 11 Septemba
Nimefua. Halafu nimekwenda kwa miguu mpaka soko la kambini kutafuta sabuni. Melkiori amenikaribisha kwake, chini ya turubai, maharage na ndizi. Watoto wake wawili wamezaliwa humo humo. Amenitajia jina la kilima alikozaliwa. Analitaja kwa uangalifu, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Watoto wanalijua jina, kilima chenyewe hawajakiona.

Leo ndiyo nimejua kwamba hana kibali cha kutoka kambini. Anapita porini kuja kazini. Akishikwa nje ni mahabusu, na kadi yake ya mgao inaweza kufutwa. Watu wanne wanakula kwa kadi hiyo.

Jumatano, 14 Septemba
Chuoni kumechafuka. Mwalimu wa Taaluma amegundua wanafunzi wanne waliofeli wanasomeka wamefaulu. Kompyuta inasema aliyebadilisha alama ni yeye mwenyewe. Anaapa kwamba hakugusa. Ameletwa fundi wa kompyuta kutoka Mwanza kutazama.

Nimelifikiria daftari langu. Nimelificha ndani ya mfuko mtupu wa saruji.

Alhamisi, 15 Septemba
Wamemchukua Melkiori. Mgambo wawili, mchana, akiwa na sepetu yake mkononi. Sababu waliyotoa: vibarua walipaka ile ofisi, na kati ya vibarua anayejua kompyuta ni mkimbizi. Basi. Yuko ofisi ya mtendaji wa kijiji. Kesho saa sita anapelekwa polisi.

Hakusema kitu kuhusu daftari. Aliniangalia mara moja, akainama kufunga kamba za viatu.

Dada Koku alikuwa dirishani. Tulitazamana. Anajua nani ana maneno hayo daftarini, na mimi najua nani aliyaandika ukutani. Tukanyamaza wote wawili. Mimi ni mwoga. Nimeliandika neno hilo ili nilione kwa macho yangu.

Ijumaa, 16 Septemba
Asubuhi sikunywa uji. Nililitoa daftari kwenye mfuko, nikasoma toka mwanzo. Pale kwenye tarehe nane, siku ambayo Melkiori hakuja, nikasimama. Nikaenda kwa Mkuu wa Chuo na viatu vyangu vya zege.

Walikuwepo Mkuu, Mwalimu wa Taaluma na yule fundi wa Mwanza. Nikatoa shikamoo, Mkuu akaitikia bila kuinua kichwa. Nikauliza alama zilibadilishwa siku gani. Fundi wa Mwanza akasema Alhamisi, tarehe nane, saa tisa mchana. Nikaweka daftari mezani. Siku hiyo Melkiori hakuja. Imeandikwa. Na kadi ya mgao hutobolewa siku ya kupokea, waitazame.

Mkuu akasoma. Akafunua mbele, akafunua nyuma. Akafika ukurasa wa mwisho.

Mwalimu akaruka. "Kwa hiyo ni wewe."

Nilijua litakuja, lakini kujua hakusaidii. Nikasema ukweli, kwamba nilidhani ni rangi. Hakuna aliyeniamini. Hata mimi nilipojisikia nikisema sikujiamini.

Akaitwa Fundi Lushinge. Akaulizwa nilikuwa wapi tarehe nane. Akasema kwenye zege, mbele yake, tangu asubuhi mpaka jioni, hata chakula tulikula tumesimama. Akaulizwa habari ya maneno. Akaanza kucheka.

"Mheshimiwa, huyu aliniuliza simba77 inauzwa wapi. Mbele ya watu kumi. Tunamwita Simba mpaka leo. Mtu wa kuiba angetangaza hivyo?"

Fundi wa Mwanza naye akacheka. Mkuu akaziba mdomo kwa kiganja. Sijawahi kufurahi kuchekwa. Leo nimefurahi.

Kisha Dada Koku akaingia bila kuitwa. Akasema maneno aliyaandika yeye, yalikaa nyuma ya mlango mwaka mzima, na kila aliyewahi kusubiri cheti mle ndani aliweza kuyasoma. Alikuwa analia.

Fundi wa Mwanza akasema kompyuta inajua neno, haijui mtu. Kwa hiyo hawatampata aliyefanya. Alama watazirudisha kutoka kwenye karatasi za mitihani. Akauchana ukurasa wangu wa mwisho, akaupasua vipande vidogo. Barua ya Somoe imekwenda pamoja nao.

Saa tano na nusu Mkuu alituma mtu kwa mtendaji.

Jumatatu, 19 Septemba
Melkiori hakupelekwa polisi. Wamemrudisha kambini, kadi anayo. Ila ameonywa, akionekana nje tena hakuna mazungumzo. Hatakuja. Hakuna aliyemwomba radhi. Dada Koku amepewa barua ya onyo.

Mchanga nabeba na mtu mpya. Anaongea sana.

Jumapili, 25 Septemba
Nimekwenda kambini. Turubai liko, wao hawapo. Jirani amesema walijiandikisha kurudi, wamepanda lori Ijumaa. Yeye mwenyewe hana hakika kama kilima chao kina watu bado. Melkiori ameniachia sepetu yake, mpini umelainika kwa viganja.

Nimekaa pale kidogo. Nikanunua sabuni, nikarudi.

Jumamosi, 15 Oktoba
Mvua imeanza vizuri. Kazi ya rangi imekwisha jana, vibarua wametawanyika. Mkuu amenibakiza. Nitalinda chumba cha kompyuta mchana na kuandika kwenye mashine kila anayeingia na kutoka. Amesema anataka mtu anayeandika tarehe.

Fundi wa Mwanza amekuja tena. Sasa kila mtu ana neno lake mwenyewe, hata mimi. Amenikalisha mbele ya kompyuta, akanieleza. Lisiwe jina la mke, wala la mtoto, wala la kwenu. Liwe kitu ambacho anayekufahamu hawezi kukibahatisha. Kisha akageukia dirishani ili asione.

Nilijua papo hapo. Niliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Mashine ikakubali.

Ni jina la kilima ambacho sijawahi kukiona. Daftari hili nimeliandikia kila kitu. Hilo sitaliandika.