Mfuga Mbu wa Viwanja Sitini

Gaborone,
Jumapili jioni

Kaka Benedikto,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, na hasira haijanifikisha mahali pa kulisahau hilo. Goti linaendeleaje? Shemeji je, kifua kimetulia? Maji yamepanda hadi wapi mwaka huu, na mpunga umesimama au umelala? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaowaka, na aliyeuwasha ni wewe.

Naandika kwa sababu simu umenikatia mara mbili. Karatasi huwezi kuikata nikiwa katikati ya sentensi. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza. Anayekuletea ni mwalimu mwenzangu anayerudi Morogoro kwa likizo. Mpe chai na usimgombeze, hajui kilichomo.

Habari za huku ni kavu kama nchi yenyewe. Maji ya bomba huja yanapotaka. Mchele wa dukani hauna harufu yoyote, ukiupika ni kama umechemsha gazeti. Mkataba wangu wa kufundisha unakaribia kwisha, na mkuu wa shule ameniambia kwa upole kwamba makala zangu za gazetini zinawachosha wazazi. Ya mwisho iliwahusu wazazi wanaowachagulia watoto kazi kwa kuangalia kama viatu vitabaki safi. Niliiandika nikidhani nawasema watu wa huku. Kumbe nilikuwa namsema ndugu yangu wa tumbo moja.

Tuyaseme yalivyo. Vestina yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea maabara. Kwa juhudi zake mwenyewe, bila mjomba wala kimemo, alipata kazi ya jioni na Jumamosi pale kwenye kituo cha utafiti wa malaria, katika chumba cha kulelea mbu. Analisha viluwiluwi, anatenganisha majike na madume, anajifunza kumtambua kwa hadubini mbu aletaye malaria na asiyeleta. Posho ndogo, kazi kubwa. Wewe ukamtoa. Ukamkalisha kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi la rafiki yako, auze misumari na koki. Nilipokupigia kuuliza kwa nini, ulinijibu nini?

"Ladi, binti yangu hawezi kuitwa mfuga mbu."

"Nani kamwita hivyo?"

"Viwanja Sitini mtaa mzima."

"Mtaa mzima ndilo jina la mtu?"

Ndipo ukanitajia Baba Kizito, jirani yako wa ukuta kwa ukuta. Kwamba mlikuwa kwa fundi baiskeli, akasema kwa sauti, "Beni, siku hizi kwako mnafuga kuku au mbu? Siku mkichinja mtuite, mimi nataka paja." Watu wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba mabinti wa kule wanawanyonyesha mbu damu yao wenyewe, na hakuna mwanamume atakayeoa mkono uliotobolewa. Ndiyo hiyo tu, kaka. Kicheko cha watu wanne waliokaa wakingoja pancha zizibwe kimeamua maisha ya mwanao.

Nilikueleza kwamba mbu wale wamezaliwa humo ndani, hawajawahi kumwonja mgonjwa, na kwamba Vestina hampi mbu yeyote mkono wake. Ukasema, "Ladi, wewe umesoma sana mpaka umeharibika." Ukakata.

Haya, nimeharibika. Lakini nieleze mimi niliyeharibika: huyu mtoto akimaliza chuo ataombea kazi kwa kipi? Unayajua matangazo ya kazi ya nchi yetu. Yanamtaka kijana aliyehitimu jana awe na uzoefu wa miaka. Ni ukatili na nimeupigia kelele mpaka sauti imekauka, lakini ndio uliopo mlangoni. Atakapoulizwa "umewahi kufanya nini maabara?" atasema najua bei ya bati? Simdharau muuza bati. Angekuwa anasomea biashara ningekushangilia. Ninachokidharau ni hii ibada yetu ya kiti. Tumerithi kutoka kwa wakoloni imani kwamba aliyekaa ameendelea na aliyeinama amelaaniwa. Kwa hiyo tunasomesha watoto maabara, halafu tunaona aibu wakishika kitu cha maabara. Tunataka cheti cha daktari na mikono ya bibi harusi.

Na sisi, Benedikto! Ingekuwa familia nyingine ningenyamaza. Sisi ndio tuliomzika Konsolata kabla hajaanza darasa la kwanza. Wewe ndiye uliyemfunga mgongoni kwa kanga ya mama ukakanyaga baiskeli kwenye tope mpaka hospitali, ukarudi naye amenyamaza. Mbu alimchukua mdogo wetu. Leo mtoto kutoka nyumba hiyohiyo amesimama kumkodolea macho huyo mbu, na baba yake anamwambia ondoka, watu wanacheka.

Sasa nikupe habari ambayo nadhani hujaipata, maana wahusika wanakwepa macho yako. Vestina alinitumia ujumbe wa sauti. Aliniomba nisikwambie, na mimi sikuahidi. "Shikamoo baba mdogo," anasema, "nafasi yangu kapewa Kizito. Tunasoma naye darasa moja. Juzi kapita dukani na koti jeupe, kaniuliza kama tuna koki za nusu inchi." Kisha akacheka. Nimekisikiliza kicheko hicho mara nyingi na sitaki kukisikia tena.

Kizito, kaka. Mtoto wa yule aliyetaka paja. Baba yake aliwachekesha watu juu yako, wewe ukamwondoa wako, yeye akamwingiza wake. Sijui kama alipanga. Huenda hakupanga, alikuwa anatania tu, na kijana akaona kiti kitupu. Kwangu hiyo ni mbaya zaidi, maana hukuibiwa. Ulitoa mwenyewe.

Lakini bado kuna mlango mmoja. Msimamizi wa Vestina kule kwenye utafiti, mama mmoja mkali, hajamsahau. Maji yakipungua wataanza kuchota viluwiluwi kwenye mashamba ya mpunga kule Malinyi, kila Jumamosi, na anamtaka Vestina. Ni kuinama kwenye tope na kata mkononi, jua utosini. Atalala kwa shangazi Ijumaa, arudi Jumapili. Mama yule amesema hamchukui binti wa watu mpaka baba yake akubali kwa mdomo wake. Vestina hajakuuliza. Anaogopa utasema hapana, na hapana yako ya pili hataweza kuivuka.

Nisalimie shemeji, mwambie sijasahau samaki wake wa kukausha. Msalimie binamu yetu wa bajaji aliyenipeleka stendi na kugoma kupokea nauli. Shangazi wa Malinyi mwambie atandike kitanda cha mgeni, mimi nimeshamuahidi, ukitaka uniaibishe. Hata Baba Kizito msalimie. Mwambie mwanawe amepata kazi nzuri, na useme bila kununa, maana ni kweli.

Barua hii usinijibu. Jioni ukimaliza kuisoma nenda pale dukani usimame nje kidogo, kabla hajakuona. Utamkuta amekaa kaunta, msafi, kama ulivyotaka, anajipiga vibao miguuni. Kwenye duka lile lenye matanki na mabomba mbu ni wengi jioni, na hao si wa kufugwa. Wanamuuma vilevile, kaka, ila pale hajifunzi kitu. Ukishaona hivyo, mwite umjibu yeye.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuheshimu na kukukasirikia kwa pamoja,

Ladislaus